Tunahamia Koha kabla ya Oktoba, nianzie wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkutubi msaidizi kwenye chuo kikuu kimoja nyanda za juu kusini, tuna nakala kama elfu 38 hivi. Katalogi yetu iko kwenye WinISIS, ile programu ya zamani ya katalogi, tangu enzi hizo, na kuazimisha tunatumia programu nyingine ndogo tuliyotengenezewa na mtu ambaye siku hizi hapatikani. Uongozi umeamua tuhamie Koha, mfumo wa kuendeshea maktaba, na wanataka iwe inafanya kazi mwaka wa masomo ukianza Oktoba, yaani tuna miezi mitano. Kijana wetu wa TEHAMA anasema ni kazi ya wiki mbili tu, tunatoa kila kitu tunaweka Excel halafu tunapandisha. Nina wasiwasi ila sijui niseme nini kwenye kikao. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na pole na majukumu. Wasiwasi wako ni wa haki kabisa na nimefurahi umeuliza mapema hamjagusa kitu, maana wengi huwa wananitafuta wiki ya kwanza ya muhula, foleni imefika mlangoni, kila kitabu kikiskaniwa mfumo unasema haukijui, na hapo hata mimi sina cha kumsaidia mtu zaidi ya kumwambia rudini kwenye daftari.

Kijana wenu hajadanganya, ila anachokiongelea yeye ni kusakinisha. Koha kuiweka kwenye seva ya Debian au Ubuntu ni kazi ya siku moja, aliyezoea anamaliza kabla ya mchana. Lakini kinachohama hapo si programu, zinahama kumbukumbu zenu, kitabu gani mnacho, kiko rafu ipi, kashika nani, anadaiwa nini, na hizo kumbukumbu zimeandikwa na watu tofauti kwa miaka mingi kila mtu na mkono wake. Kwa hiyo jibu langu la nianzie wapi ni hili: anzia kwenye rafu, seva itakuja baadaye. Hesabuni vitabu kwanza.

Najua kuhesabu nakala elfu 38 kunachosha na bosi ataona mnapoteza muda, lakini sikiliza. Katalogi yenu inasema mna vitabu fulani, rafu inasema vingine, na anayesema kweli ni rafu. Nendeni wawili wawili, mmoja anatoa kitabu na kusoma namba ya aksesheni (ile ambayo kila nakala hupewa inapopokelewa), mwenzake anaskani au anaandika, mkimaliza linganisheni na orodha mliyoitoa kwenye mfumo. Mtapata mafungu matatu. Vilivyopo kote kote, hivyo havina shida. Vilivyopo kwenye mfumo ila rafuni havipo, hivyo vimeazimwa, vimeibiwa au vimepotea rafu. Na lile fungu ambalo watu wanalisahau, vilivyopo rafuni ila mfumo hauvijui kabisa, mara nyingi ni vitabu vya msaada vilivyokuja kwenye maboksi vikapigwa muhuri vikapangwa na hakuna aliyevikatalogi. Fungu hilo la tatu ndo linakuja kuwaumbua kaunta, maana mwanafunzi anacho mkononi, anataka kuondoka nacho, na wewe huna pa kukiandikia.

Kwenye kuhesabu huko huko angalieni bakodi. Kuna chuo nilifanya kazi tukakuta karatasi za bakodi zilichapwa mara mbili kwa namba zile zile, vitabu viwili tofauti kabisa, kimoja cha sheria kingine cha kilimo, vina bakodi moja. Mfumo wa zamani ulikuwa unavumilia. Koha haivumilii, bakodi kwake lazima iwe ya pekee, ikikutana na ya pili nakala ile inaachwa nje na wewe utaona tu idadi haijatimia. Sisi tuligundua kwa kuchelewa na ikabidi watu wapande rafuni upya usiku wa kuamkia kufungua. Sitaki likukute hilo.

Vile vilivyoazimwa zamani navyo viamulieni sasa. Mtakuta kuna mwanafunzi alimaliza mwaka 2009 na bado mfumo unasema ana vitabu vitatu. Usimhamishe huyo kama mwazimaji. Hamisha rekodi ya kitabu kikiwa na alama ya kimepotea, na orodha yote ya namna hiyo ipelekwe kwa mkurugenzi wa maktaba isainiwe, maana kufuta mali ya chuo hamuwezi kuamua nyie wenyewe mezani, mkaguzi akija atauliza.

Sasa tuje kwenye WinISIS, hapa nitakaa kidogo maana ndo penye kazi. Mimi naiheshimu sana hii programu. UNESCO ilianza kusambaza bure CDS/ISIS ya kompyuta ndogo, ambayo WinISIS ni toleo lake la Windows, mwaka 1985 na maktaba nyingi za kwetu zisingekuwa na katalogi ya kompyuta bila hiyo. Tatizo lake ni kwamba kila maktaba ilijitungia tagi zake, yaani namba za fildi, vile visanduku vya taarifa kwenye rekodi. Nyie jina la mwandishi labda liko tagi 300, jirani yenu liko 10, na Koha inataka MARC 21, mpangilio wa rekodi za katalogi unaotumika kimataifa, ambako mwandishi yuko 100, jina la kitabu 245, ISBN (namba ya kimataifa ya kitabu) 020. Ukitoa data kwenye WinISIS unapata faili la ISO 2709, muundo wa kubebea rekodi kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, na kwa kuwa MARC nayo inatumia ISO 2709 watu wanadhani ni kitu kimoja wanalipandisha moja kwa moja. Sio kitu kimoja. Ni bahasha ile ile, barua iliyo ndani ni nyingine. Halafu WinISIS ina tabia ya kukata mistari kila herufi 80, kwa hiyo lazima kwanza mistari iunganishwe. Ndani yake sehemu ndogo zimetengwa kwa alama ya ^ na pale ambapo fildi imejirudia, waliokuwa wanaingiza walitumia asilimia, yaani %, kutenganisha waandishi wawili. Ukiziacha hizo alama zitatokea hivyo hivyo mbele ya msomaji, utaona jina la kitabu limeanza na ^a.

Kwa hiyo kaa chini na karatasi, au spredishiti, uchore jedwali. Safu ya kwanza tagi zenu zote, ya pili inabeba nini kwa kweli (usiamini jina la tagi, fungua rekodi hamsini uone watu waliweka nini humo), ya tatu inaenda wapi kwenye MARC. Jedwali hilo ulifanye wewe mkutubi, kijana wa TEHAMA hawezi kujua kwamba tagi ya maelezo kuna wakati ilikuwa inawekwa jina la aliyetoa msaada. Nakala zinaingia fildi 952, ndo nyumba ya nakala kwenye Koha: a ni tawi lenye mali, b ni tawi kilipo sasa, o namba ya rafuni, p bakodi, y aina ya kitu. Na 942 sehemu c inabeba aina ya kitu kwa rekodi nzima. Ukishapata jedwali kuna programu ya bure inaitwa MarcEdit, itakusaidia kugeuza kwa wingi, na pia itakurekebishia maandishi kuwa UTF-8, namna ya Unicode ya kuhifadhi herufi za lugha zote. Faili za zamani zina maandishi ya enzi za DOS, kwa Kiingereza hutaona tofauti ila vitabu vya Kifaransa vitatoka na vidudu. Na ukishageuza hakikisha kwenye kichwa cha rekodi nafasi ya 09 ina herufi a, hiyo ndo inaiambia programu inayosoma faili kwamba humu ni Unicode.

Na Excel? Excel siikatai, naitumia mwenyewe, ila inaharibu bila kukuambia. Bakodi yenu kama ni 0012345 itaibadilisha iwe 12345 na bakodi iliyobandikwa kitabuni haitasomeka tena. ISBN za zamani za tarakimu kumi za vitabu vya Uingereza na Marekani nyingi zinaanza na sifuri, inakula ile sifuri. ISBN mpya za tarakimu 13 inaziandika kwa mtindo wa 9.78E+12, ukihifadhi CSV (faili la maandishi matupu) hivyo tarakimu za mwisho zimekwenda na hazirudi. Tarehe ndo usiseme, tarehe 5 mwezi wa 8 inakuwa mwezi wa 5 tarehe 8, mwanafunzi anakuta anadaiwa faini ya miezi mitatu ambayo hana. Kwa hiyo kikaoni mwambie kijana hivi, kila safu iingizwe kama maandishi, si kama namba, na lile faili la kwanza kabisa lililotoka kwenye mfumo lisifunguliwe na mtu, lihifadhiwe sehemu mbili, mfanyie kazi nakala yake.

Data ya waazimaji, hiyo iliyo kwenye programu ya yule bwana asiyepatikana, usikate tamaa nayo. Mara nyingi programu za namna hiyo zinakaa juu ya faili la Access au hifadhidata nyingine ya kawaida, folda yake ikitazamwa inaonekana. Ila kwa wanafunzi mimi nakushauri msihamishe orodha yenu ya zamani kabisa, ombeni orodha mpya kwa msajili wa chuo, namba ya usajili iwe ndo namba ya kadi, na kutoka mfumo wa zamani chukueni tu vitabu ambavyo watu wanavyo mkononi leo. Historia ya nani aliwahi kusoma nini iacheni. Tanzania sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, alichosoma mtu ni siri yake na maktaba.

Kusafisha rekodi kuna mpaka wake, nikuambie hapo wakutubi tunakosea upande wa pili. Mtu anataka kila nukta na koloni ikae sawa kabla ya kuhama, miaka miwili inapita hamjahama. Safisheni kinachomzuia msomaji kukipata kitabu na kinachozuia kaunta kuazimisha, basi. Majina ya waandishi wakubwa yaunganisheni: Nyerere kwenye katalogi nyingi anakuwa watu wanne, yuko Nyerere, J.K., yuko Nyerere, Julius K., yuko Nyerere, Julius Kambarage, na yuko Nyerere, Mwalimu, na mwanafunzi akibonyeza mmoja anapata robo ya vitabu. Na kuna kitu cha kwetu ambacho mgeni hatakufikiria, ile alama ya ng'. Waliotangulia wengine waliandika ng' kwa alama iliyonyooka, wengine iliyopinda kushoto, wengine kulia, wengine waliiacha kabisa. Ziwekeni zote aina moja, halafu mkishapandisha tafuta ng'ombe na ng'ambo muone kama vinatoka. Kama havitoki, rekebisheni kabla wanafunzi hawajafika.

Vitabu vya Kiingereza ambavyo rekodi zake ni mbovu sana msihangaike kuviandika upya, Koha ina Z39.50, njia ya kutafuta kwenye katalogi za maktaba nyingine, unatafuta kwa ISBN kwenye maktaba kubwa kama Library of Congress, unachukua rekodi nzima dakika moja. Vya Kiswahili na ripoti na tasnifu zenu hamtavipata huko, au mtavipata vimeandikwa kwa haba. Hivyo vifanyeni wenyewe kwa mkono na muvifanye vizuri kwelikweli, vichwa vya mada vya kueleweka, jina la mtunzi kamili, maana kwa hivyo nyie ndo chanzo, maktaba nyingine zitakuja kuchukua kwenu. Hii naisema kwa moyo wangu wote, tasnifu ya mwanafunzi wa nyanda za juu kuhusu mahindi ya huko isipokatalogiwa na nyie haitakatalogiwa na mtu yeyote duniani.

Utaratibu wa kuingiza ndani ya Koha una mpangilio na ukiuvuruga inakataa. Kwanza matawi, aina za vitu, makundi ya wasomaji, maeneo ya rafu, na kanuni za kuazima, mwaka wa kwanza vitabu vingapi siku ngapi, mhadhiri vingapi, vitabu vya akiba vinavyoazimwa siku moja tu inakuwaje. Pili rekodi pamoja na nakala zake. Tatu wasomaji. Nne vilivyoazimwa sasa hivi, maana uazimaji unaunganisha kadi na bakodi, kama kimojawapo hakijaingia hauna pa kushika. Faini mwisho. Na mkishapandisha rekodi halafu mkatafuta mkakosa kila kitu, msiogope wala msipandishe tena mara ya pili, ni kwamba faharasa, ile orodha ambayo Koha hutafutia, haijajengwa, ijengwe upya halafu tafuteni. Nimeona watu wamepandisha mara mbili kwa hofu wakapata kila kitabu pacha.

Pandisheni kwa majaribio angalau mara tatu kwenye seva ya majaribio, mnafuta mnarudia. Ya kwanza itakuwa mbaya, ndo kazi yake. Kila mara hesabuni, majina ya vitabu yalikuwa mangapi yameingia mangapi, nakala hivyo hivyo, wasomaji hivyo hivyo. Halafu chukueni vitabu mia rafuni bila kuchagua mvitafute kwenye Koha, na mia kwenye Koha mvitafute rafuni, pande zote mbili, ukifanya upande mmoja hutaona nusu ya makosa. Na wanaojaribu wawe watu wa kaunta. Kama kuna mzee wenu amekaa kaunta miaka mingi na kompyuta mpya anaiogopa, mkalishe yeye kwanza, taratibu, kwa heshima yake, asikalishwe darasani na vijana wa juzi. Yule anajua vitabu ambavyo huwa havirudi, anajua mhadhiri gani anatuma mtu kumchukulia, ndiye atakayekuambia kanuni mliyoweka haitafanya kazi. Mfumo ambao watu wa kaunta hawakuugusa kabla, wataukimbia siku ya kwanza umeme ukikatika.

Umeme wenyewe. Seva iwe na UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) na mpange mapema mtandao ukikata mnafanyaje, daftari lenye safu tatu, tarehe, namba ya kadi, bakodi, na jioni mtu mmoja mwenye jukumu hilo anaingiza. Bakapu Koha inajifanyia yenyewe kila siku, ila inaziweka kwenye seva ile ile na inabakiza za siku mbili tu kama hamjabadilisha. Seva ikiungua bakapu imeungua nayo. Kila siku nakala moja itoke nje ya lile jengo, na kila baada ya muda jaribuni kuirudisha kwenye mashine nyingine muone inafufuka kweli.

Kuhusu tarehe, hapa ndo pa kusema kikaoni. Miezi mitano inatosha kama mtaanza kuhesabu wiki hii. Tumieni Julai vizuri, wanaomaliza wanakuja kusainiwa klirensi kwamba hawadaiwi, hicho ndo kipindi vitabu vinarudi vyenyewe. Agosti majaribio ya kupandisha. Septemba mwanzoni mnaacha kukatalogi kwenye WinISIS kabisa, kitabu kipya kikija kinasubiri pembeni. Siku tatu nne za mwisho mnasitisha hata kuazimisha, mnatoa data ya mwisho, mnapandisha, mnakagua, mnafungua. Wengine watakushauri muendeshe mifumo miwili kwa pamoja muhula mzima kwa usalama. Mimi nakataa kabisa kwa upande wa kuazimisha, kitabu kitaazimwa huku kitarudishwa kule, baada ya mwezi hakuna mfumo hata mmoja unaosema kweli. Na kama ikifika katikati ya Septemba idadi bado hazilingani, omba msogeze mpaka likizo baina ya mihula. Msihame muhula ukiwa umechanganya. Weka sharti hilo kwenye muhtasari wa kikao sasa hivi, mapema, ili baadaye isionekane ni uzembe wako.

Uongozi ukisema Koha ni bure, ni kweli ada ya leseni hakuna. Ilitengenezwa New Zealand kwa ajili ya maktaba za Horowhenua, mfumo wao wa zamani ulikuwa hauwezi kuvuka mwaka 2000, wakaandikiwa mpya ukaanza kazi Januari 2000 na wakauachia dunia nzima, na jina lenyewe Koha kwa Kimaori ni zawadi. Lakini seva, UPS, skana, mafunzo na muda wa watu ni pesa, ziingie kwenye bajeti. Na mkimwajiri mtu wa nje awasaidie, hakuna ubaya, ila iandikwe kwenye mkataba kwamba pasiwedi zote za seva zinabaki chuoni kwa watu wawili, jedwali mlilochora ni mali yenu, na malipo ya mwisho yanatoka baada ya idadi kulingana. Kuna mahali nilikuta aliyeweka mfumo kaondoka na pasiwedi, wamekaa miaka hawawezi hata kuongeza tawi. Toleo msichukue lililotoka jana, Koha inatoa jipya kila Mei na Novemba na namba yenyewe inakuambia mwaka na mwezi, 24.11 ni Novemba 2024, chukueni lililokwisha kukaa miezi kadhaa likarekebishwa. Na kabla hamjalipa mtu, ulizeni wenzenu wa COTUL, umoja wa maktaba za vyuo vikuu na utafiti Tanzania, mna maktaba za vyuo vingi humo zilizopitia njia hii hii, na wa Kenya wako KLISC, umoja wao wa maktaba, mkutubi mwenzako atakuonyesha skrini yake bila kukutoza.

Ile kompyuta yenye WinISIS msiifute wala kuigawa. Ikae mwaka mzima kwenye ofisi ya ndani, mtu aweze kusoma tu, asiweze kuandika, maana mwezi wa pili au wa tatu atakuja mwanafunzi na kitabu mkononi ambacho Koha haikijui, na pale ndipo utakapokwenda kukitazama.